Kutoka kwa Mwanafunzi hadi kwa Mtoto: Masharti ya Uandishi wa Vitabu vya Watoto katika Kiswahili, 1867–2023

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya uandishi wa vitabu vya watoto katika Kiswahili kwa kuuliza swali moja: ni lini, na kwa masharti gani, mtu ameweza kuifanya kazi hiyo kuwa shughuli ya dhati badala ya kuwa tawi la ualimu, umisheni au utawala? Inadaiwa kwamba kwa muda mrefu vitabu vilivyoitwa vya watoto vilimwandikia mwanafunzi, na kwamba jambo hilo limeacha alama katika lugha yenyewe: katika njeo za vitenzi, katika tanakali za sauti na katika namna visa vinavyofungwa.

1.0 Utangulizi

Katika mijadala kuhusu fasihi ya watoto ya Kiswahili lawama hurudi palepale: waandishi ni wachache, waliopo huandika kwa msimu, na anayepata jina huhamia kwenye riwaya ya watu wazima. Lawama hizi humtazama mwandishi kana kwamba upungufu umo moyoni mwake, yaani hana ari au anaidharau kazi yenyewe. Historia ya uchapishaji inaonyesha picha nyingine. Ari haikukosekana. Kilichokosekana mara kwa mara ni mtu au taasisi ya kununua kitabu cha mtoto kwa sababu ni kitabu cha mtoto, si kwa sababu ni chombo cha kufundishia kusoma, dini, kilimo au uraia.

Tofauti kati ya mtoto na mwanafunzi ndiyo msingi wa hoja ya makala haya. Mwanafunzi hupewa kitabu. Mtoto hukichagua, hukitupa, hurudi kwacho, humwomba mtu amsomee tena. Anayemwandikia mwanafunzi hujibu kwa mwalimu na kwa mkaguzi. Anayemwandikia mtoto hana mkaguzi mwingine isipokuwa mtoto mwenyewe, ambaye hana subira. Watoto na wanafunzi ni watu walewale, bila shaka, lakini kitabu kinachowaendea kwa sura moja hutofautiana na kinachowaendea kwa sura nyingine hadi katika viambishi vya vitenzi.

2.0 Msomaji wa kwanza

Mwaka 1867, katika mtambo wa uchapaji wa misheni ya UMCA huko Unguja, Edward Steere alichapisha Hadithi za Kiingereza, kijitabu cha baadhi ya visa vilivyotolewa katika masimulizi ambayo Charles na Mary Lamb waliyatunga mwaka 1807 kutokana na tamthilia za Shakespeare. Jambo hili halijapewa uzito unaostahili. Akina Lamb waliandika kitabu chao kwa ajili ya watoto, na kwa hiyo miongoni mwa vitabu vya mwanzo kabisa vya masimulizi ya Kiswahili vilivyopigwa chapa kwa hati za Kilatini kimo kitabu ambacho asili yake ni fasihi ya watoto. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1870, Steere alitoa Swahili Tales huko London, mkusanyo wa ngano alizosimuliwa Unguja, zikiwamo hadithi ya Sultani Darai, ya Sultani Majnuni na kisa cha punda wa dobi.

Msomaji wa vitabu hivi alikuwa nani? Steere na Askofu Tozer walipofika Unguja mwaka 1864 walikabidhiwa na Sultani Majid wavulana wachache waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Shule ya misheni iliyokuja kukaa Kiungani ilikua kutokana na watoto wa namna hiyo: Wayao, Wanyasa na wengineo, waliotenganishwa na jamaa zao na kukutana na Kiswahili ukubwani mwa utoto wao. Baadhi yao walifundishwa kazi ya uchapaji. Basi mtoto wa kwanza kusoma ngano za Kiswahili katika kitabu hakuwa mtoto wa Mji Mkongwe aliyezisikia kwa bibi yake jioni. Alikuwa mtoto aliyenyang'anywa bibi. Kwake ngano haikuwa kumbukumbu ya nyumbani, ilikuwa somo.

Mtoto wa mwambao, kwa upande wake, alikuwa na elimu yake ya maandishi katika chuo cha Kurani, kwa hati za Kiarabu, na hadithi zake alizipata kwa mdomo. Hakuna aliyeona haja ya kumchapia ngano alizokuwa nazo tayari. Ndivyo ilivyoanza hali iliyodumu: kitabu cha mtoto kilitengenezwa kwa ajili ya yule ambaye Kiswahili si lugha yake ya kwanza, kwa kutumia simulizi za yule ambaye ni lugha yake ya kwanza, na mhariri akiwa si yeyote kati ya hao wawili.

Hata hivyo, Steere alifanya jambo ambalo wengi waliomfuata hawakulifanya. Alizichapa ngano karibu na zilivyosemwa. Sentensi zake hutiririka kwa kiambishi -ka-, tendo likizaa tendo, na msimulizi hasimami kueleza kwa nini. Atakayezisoma leo kwa sauti mbele ya watoto wa darasa la pili ataona kwamba bado zinasomeka, licha ya msamiati uliochakaa.

3.0 Kamati na ithibati

Mkutano wa elimu wa Dar es Salaam wa mwaka 1925 na ule wa Mombasa wa 1928 uliochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulifungua njia ya kuanzishwa kwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki tarehe 1 Januari 1930. Historia ya Kamati hiyo imeandikwa sana kwa upande wa tahajia na kamusi. Kwa mada hii lililo muhimu ni mamlaka yake juu ya vitabu: miswada iliyokusudiwa shule ilipitiwa na Kamati, ikasahihishwa lugha, na iliyokubalika ikapewa ithibati. Kitabu kisicho na ithibati kilikuwa na soko dogo, kwa kuwa mnunuzi mkubwa alikuwa shule.

Katibu wa kwanza, Frederick Johnson, alikuwa pia mfasiri hodari. Kisiwa Chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani vilitoka mwaka 1929, Safari za Gulliver mwaka 1932. Pamoja na E. W. Brenn alishughulikia Alfu Lela Ulela. Vitabu hivi vilisomwa kwa hamu, na si haki kuvidharau kwa sababu tu ya asili yake. Vizazi kadhaa vya wasomi wa Afrika Mashariki vilionja humo kwa mara ya kwanza raha ya kitabu kirefu. Lakini viliweka kigezo kibaya kuhusu nani anatunga na nani anasoma. Mtunzi alikuwa mbali, mara nyingi amekwisha kufa. Mfasiri alikuwa ofisa. Mwafrika alikuwa msomaji, au msaidizi wa lugha ambaye jina lake halikufika kwenye jalada.

Mfano unaofundisha zaidi ni Elisi katika Nchi ya Ajabu, tafsiri ya E. V. St Lo Conan-Davies iliyotolewa na Sheldon Press mwaka 1940. Humo mchoraji alimfanya Elisi kuwa msichana wa Kiafrika. Kwa nje uamuzi huo unaonekana kuwa hatua kubwa: mtoto wa Kiafrika anajiona katikati ya kitabu, si pembeni. Ila ngozi ya Elisi ilibadilika kwa wepesi kuliko lugha yake. Kitabu cha Lewis Carroll kimejengwa juu ya mizaha ya maneno ya Kiingereza, na mzaha wa maneno haufasiriki. Hubuniwa upya na mtu anayeucheza tangu utotoni. Kiswahili kina hazina yake ya michezo hiyo, kuanzia vitendawili na misemo ya kugongana ulimi hadi kinyume cha vijana wa mwambao, yaani kule kugeuza silabi ili watu wazima wasielewe. Kumpata mtu wa kuyatumia hayo kungehitaji kumtafuta mtunzi, na taratibu za wakati ule zilitafuta wafasiri.

Waafrika waliandika pia. Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela kilitolewa na Sheldon Press mwaka 1934 na kikasomwa shuleni kwa miongo mingi. Adili na Nduguze cha Shaaban Robert kilitoka mwaka 1952, kikiwa na majini, nyani na safari za baharini, mambo ambayo mtoto yeyote angeyakimbilia. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichoandikwa kwa mtoto peke yake. Vilifika mikononi mwa watoto kwa sababu vilikuwa vya Kiswahili, vilikuwa safi kimaadili na vilikuwapo. Idara ya Vitabu ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1948 na kuongozwa na Charles Richards kutoka Nairobi, ilipanua mlango kwa miswada ya Waafrika, lakini dira yake ilikuwa elimu ya watu wazima na shule. Mtoto aliyesomewa kabla ya kwenda shule hakuwamo katika hesabu ya mtu yeyote.

4.0 Kitabu cha kiada na mwandishi asiye na jina

Baada ya Azimio la Arusha, Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za Tanzania, na Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaharakisha uandikishaji wa watoto wote. Kwa idadi ya wasomaji wapya, huu ulipaswa kuwa wakati wa mavuno kwa mwandishi wa watoto. Haukuwa. Karatasi, mitambo na fedha zote zilielekezwa kwenye kitabu cha kiada, na uamuzi huo, kwa hali ya nchi ilivyokuwa, hauwezi kulaumiwa kirahisi. Darasa lenye watoto 60 na vitabu vitano lina haja iliyo wazi.

Matokeo yake ni ya ajabu kidogo. Watanzania waliosoma katika miaka ya 1970 na 1980 wanayakumbuka masimulizi ya vitabu vyao vya kusomea kwa mapenzi ambayo waandishi wengi wa riwaya wangeyaonea wivu. Ukitaja "Kibanga Ampiga Mkoloni" au "Siku ya Gulio Katerero" mbele ya watu wa rika hilo, mazungumzo hubadilika. Ni wachache miongoni mwao wanaoweza kumtaja aliyeyaandika. Masimulizi ya mfululizo kama Tujifunze Lugha Yetu yalikuwa mali ya taasisi. Yalitungwa na walimu na wakuza mitaala waliolipwa mshahara, si mrabaha, na ambao kazi hiyo ilipokwisha walipangiwa nyingine. Kipaji kilikuwapo, na msomaji alikuwapo. Kati yao hapakuwa na njia ambayo ingemwezesha mtunzi wa kisa kile kujua kwamba kinapendwa, na kwa kulijua hilo aandike cha pili.

Hali ya eneo zima ilizidisha ugumu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi mwaka 1983, na soko moja la vitabu vya Kiswahili likawa mawili, kila moja likiwa dogo mno. Vita vya Kagera na uhaba wa fedha za kigeni vikafuata. Hata karatasi ya kuchapia ilikuwa anasa. Nchini Kenya mambo yaligeuka mwaka 1985, pale mfumo wa 8-4-4 ulipokifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa. Wachapishaji wa Nairobi wakaanza kutoa misururu ya hadithi za ngazi mbalimbali kwa wingi ambao haujawahi kuonekana. Lakini neno "ngazi" linajieleza lenyewe. Kitabu kilipimwa kwa darasa, orodha ya vitabu vilivyoidhinishwa ikawa ndiyo soko, na nyuma ya kisa yakawekwa maswali ya ufahamu. Mtihani ulimfaa mwandishi kwa kumpa mnunuzi. Ulimdhuru kwa kumpa pia umbo.

5.0 Nakala 3,000

Mwaka 1991 ulianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania kwa msaada wa CODE, shirika la Kanada. Mpango wake wa msingi ulikuwa mwepesi kueleza. Mswada uliopitishwa ulichapwa na mchapishaji wa kibiashara kwa nakala 5,000, na mradi ukajifunga kununua 3,000 na kuzigawa shuleni. 2,000 zilizobaki mchapishaji aliziuza mwenyewe. Pamoja na hayo ziliendeshwa warsha za waandishi, wachoraji na wahariri.

Uzito wa nambari hizo unaonekana zikipigwa hesabu. Kwa mrabaha wa asilimia 10, nakala 5,000 zikiuzwa zote humpatia mwandishi fedha sawa na bei ya nakala 500 za kitabu chembamba, yaani kiasi ambacho hakimwachishi mtu kazi. Mradi haukumtajirisha mwandishi. Ulichofanya ni kuondoa hofu ya mchapishaji, na mchapishaji asiye na hofu huagiza kitabu cha pili kwa mtu yuleyule. Kitabu cha pili ndicho kinachomtenganisha mwandishi wa watoto na mwalimu aliyewahi kuandika hadithi.

Katika mazingira hayo walijitokeza watu walioichukua kazi hii kwa dhati. Elieshi Lema, aliyekuwa mhariri katika Tanzania Publishing House kabla ya kuanzisha kampuni ya E&D pamoja na Demere Kitunga, aliandika vitabu vya watoto kama Safari ya Prospa huku akivichapisha vya wengine; kwake uandishi wa watoto haukuwa mazoezi ya kuelekea kwingine, ingawa baadaye aliandika pia riwaya ya watu wazima kwa Kiingereza. Walter Bgoya, aliyeongoza Tanzania Publishing House tangu 1972, alianzisha Mkuki na Nyota mwaka 1991, na vitabu vya watoto vikapata nafasi ya kudumu katika orodha yake. M. M. Mulokozi, mhakiki na mwanahistoria wa fasihi, aliwaandikia vijana Ngome ya Mianzi na Moto wa Mianzi, akitumia historia kama uwanja wa vituko badala ya orodha ya tarehe. Jijini Nairobi, Sasa Sema ilitoa mwaka 1996 Abunuwasi cha mchoraji Gado, ambamo ayari yuleyule aliyekuwa amefundishwa shuleni tangu enzi za Kamati alirudi kwa watoto kupitia katuni, akiwa na uso, mkao na kejeli zake. Pengine hakuna kitabu cha muongo huo kinachoonyesha vizuri zaidi kwamba mchoraji wa kitabu cha mtoto ni mtunzi, si mpambaji.

6.0 Lugha inayofichua msomaji

Mabadiliko hayo yanaweza kufuatwa katika sarufi. Hadithi ya kimapokeo huenda kwa -ka-: sungura akaja, akachungulia, akanyamaza, akaondoka. Kitabu cha kiada mara nyingi hukata mnyororo huo: "Sungura alikuja. Alichungulia. Alinyamaza. Aliondoka." Sababu ya kiufundishaji inaeleweka, kwani njeo ya -li- hufundishwa mapema na sentensi fupi hudhaniwa kuwa rahisi. Lakini urahisi huo ni wa machoni tu. Mnyororo wa -ka- humwambia mtoto kwamba matendo yanashikana na kwamba lipo jingine linakuja. Sentensi nne za -li- humpa matukio manne na kumwachia kazi ya kuyaunganisha. Kwa mtoto anayejifunza kufuata kisa, cha pili ni kigumu zaidi.

Vivyo hivyo kuhusu tanakali za sauti. Mhariri wa shule huzifuta kwa kuwa si "sanifu", ilhali chubwi ya kutumbukia majini au pu ya kuanguka mchangani ni sehemu ya kisa ambayo mtoto huingoja ili aitamke pamoja na msomaji. Katika miswada ya miaka ya 1990 zinarudi, kwanza kwa haya, kisha kwa wingi, na kurudi kwake ni dalili kwamba mwandishi ameanza kumsikia msikilizaji.

Liko pia tatizo la vipimo. Miongozo mingi ya ngazi za usomaji huhesabu maneno katika sentensi, desturi iliyotoka katika lugha ambazo maneno yake ni mafupi. Neno la Kiswahili kama hatutawaambia ni moja kwa hesabu ya nafasi, lakini limebeba ukanushi, nafsi, njeo, yambwa na shina, na lina silabi saba. Sentensi ya maneno matatu ya namna hiyo inaweza kumshinda mtoto aliyemudu sentensi ya maneno manane mafupi. Zaidi ya hapo, tahajia ya Kiswahili huenda sambamba na matamshi, na mtoto aliyepitia ba, be, bi, bo, bu anaweza kuusoma ukurasa mzima kwa sauti bila kuuelewa. Mwandishi wa dhati hulazimika kuyajua haya kwa undani kuliko mwandishi wa riwaya. Ana kurasa 16, 24 au 32, kwa kuwa ndivyo karatasi inavyokunjwa mtamboni, na picha inachukua nusu ya nafasi. Neno lisilofanya kazi halina pa kujificha.

Urithi uliokaidi zaidi kuondoka ni fundisho la mwisho. Ngano ya mdomo haikulihitaji kila mara. Sungura wa mwambao hudanganya, hushinda na huondoka zake. Ni ithibati za shule zilizomtaka mwandishi afunge kwa adhabu au nasaha, na hata waandishi walio huru wameendelea kufanya hivyo kwa mazoea. Mtoto aliyekwisha kuelewa kisa huambiwa tena maana yake, kana kwamba ni shahidi asiyeaminika.

7.0 Baada ya dhamana

Mfumo wa ununuzi wa uhakika haukuzaa soko linalojitegemea, na kuulaumu mradi kwa hilo ni kuulaumu mwavuli kwa mvua. Bajeti za shule na kipato cha wazazi vilibaki vilevile, maktaba za shule zikabaki chache, na duka la vitabu nje ya miji mikubwa mara nyingi ni duka la daftari. Mwaka 2013 serikali ya Tanzania iliamua kurudi kwenye kitabu kimoja cha kiada kinachotolewa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Uamuzi huo ulihusu kiada, si ziada, lakini wachapishaji waliokuwa wakitumia faida ya kiada kubeba hasara ya hadithi walipoteza mbebaji. Athari ya sera kwa kitabu cha mtoto mara nyingi huja kwa mlango wa nyuma namna hiyo, na ndiyo maana haionekani katika mijadala ya sera yenyewe.

Tangu 2014 African Storybook, mpango wa Saide ya Afrika Kusini, umeweka mtandaoni hadithi za picha katika lugha nyingi za Kiafrika, Kiswahili kikiwamo, kwa leseni huria. Kwa mwalimu wa darasa la kwanza asiye na kitabu hata kimoja, hilo ni jambo kubwa. Kwa mwandishi, linarejesha hali ya miaka ya 1970 kwa sura mpya: wasomaji wengi, mrabaha hakuna. Jina lake sasa limo kwenye ukurasa, na hiyo ni tofauti yenye maana. Lakini jina pekee halijamfanya mtu yeyote amalize mswada wa tano.

Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilipotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023 ilihusu riwaya na ushairi. Hadithi za watoto ziliongezwa baadaye. Mpangilio huo unafuata ngazi ya heshima ambayo wahakiki wenyewe wameijenga. Katika mitaala ya fasihi ya vyuo vikuu vya ukanda huu, fasihi ya watoto bado huwekwa mwishoni au kuwa kozi ya hiari, na mwanafunzi wa uzamili anayeichagua huulizwa, nusu kwa utani, lini ataanza utafiti wa kweli. Wakati huohuo, nakala za vitabu vilivyogawiwa shuleni katika miaka ya 1990 zinazidi kuchakaa, nyingine zimekwisha kuliwa na mchwa katika makabati ya walimu wakuu, na vitabu vingi kati ya hivyo havijachapwa tena. Mtafiti anayetaka kuchunguza matumizi ya -ka- au tanakali katika kipindi hicho hulazimika kwenda shule kwa shule, akiomba kufunguliwa kabati.